Mchanga wa Mlangoni

Mtu mmoja alikuwa na karakana ndogo katika mji wa machimbo ya dhahabu, na humo alitengeneza detekta kwa mikono yake. Nyinyi mnaokaa mbali na machimbo huenda hamjaiona. Ni mashine yenye mpini mrefu na sahani ya duara chini. Mchimbaji huipitisha juu ya ardhi taratibu, na penye dhahabu chini ya udongo, hulia. Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Kazi aliianzia kwenye kutengeneza redio, na nyaya za shaba za sahani zake alizisokota mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, huku amebana pumzi kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mashine zake hazikuvutia kwa macho, lakini wachimbaji wadogo walimheshimu, na jina lake lilifika mpaka vijiji vya nyuma ya mlima.

Miaka michache baadaye akaja Sikitu, akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Msimchukie Sikitu. Mimi simchukii. Alikuwa fundi kweli, na mashine yake ya kwanza ilikuwa nyepesi, kiasi kwamba mchimbaji alirudi nyumbani jioni bila kushika kiuno. Ambakisye aliingiwa na wivu, akakaa na wivu wake siku mbili, kisha akautupa mpini wa chuma akaweka wa bomba jepesi. Sikitu akaweka betri ya kudumu kutwa nzima. Ambakisye akaweka ya siku mbili. Wachimbaji wakafaidi, na mafundi wote wawili wakawa bora kuliko walivyokuwa. Mambo yangebaki hivyo nisingekuwa na la kuwasimulia leo.

Shida ilianza kwa nia njema. Mteja mmoja alikataa kununua kitu ambacho hajakisikia kikilia. Ambakisye akaona mtu huyu ana haki. Akavuta sanduku la mbao la kuchanganyia saruji, akaliweka mlangoni, akalijaza mchanga wa mtoni. Kwa nini wa mtoni? Kwa sababu ulikuwa mweupe, na haukuchafua viatu vya watu. Hapakuwa na sababu nyingine. Akafukia humo punje ya dhahabu, kina cha kidole kimoja. Mteja akapitisha mashine, ikalia, akafurahi, akanunua. Kesho yake Sikitu naye alikuwa na sanduku, tena kubwa zaidi, na punje yake ilikuwa kina cha vidole viwili.

Tangu hapo ikawa desturi ya mji ule kwamba hakuna anayenunua detekta bila kwanza kuijaribu kwenye mchanga wa mlangoni. Vidole viwili vikawa vitatu, vitatu vikawa vinne. Siku za gulio watu walijazana barabarani, wakigeuza shingo mara huku mara kule, na punje ikisikika kutoka kina kirefu zaidi wakapiga makofi. Ambakisye aliamka akiwaza sanduku, akala akiwaza sanduku. Kila alipofungua mashine aliifungua ili iukamate vizuri zaidi ule mchanga mweupe. Aliongeza nguvu, akaongeza tena, na mashine ikawa na masikio makali ajabu. Mlimani hakwenda tena. Angeuacha vipi mlango, na Sikitu yupo palepale anatazama?

Sasa mjue kwamba udongo wa mlima ule si mweupe. Ni mwekundu, umejaa vijiwe vyeusi vyenye chuma ndani yake. Mashine yenye masikio makali ikifika pale husikia kila kitu. Hulia kwa kijiwe, hulia kwa kijiwe kingine, hulia hata mahali pasipo na chochote isipokuwa udongo wenyewe. Wachimbaji walirudi wakilalamika. Ambakisye aliwajibu kwa upole kwamba hawajui kuishika, kwamba wanakwenda haraka, kwamba bahati ya mtu haimo ndani ya mashine. Ng'ambo ya barabara Sikitu aliwajibu maneno hayohayo. Wala hawakuwa wakidanganya, na hapo ndipo moyo unaponiuma kwa ajili yao. Waliamini, maana kila asubuhi waliisikia mashine ikilia vizuri mlangoni.

Katika mji huo alikuwapo mjane aliyeitwa Tusekile. Mumewe alimwachia kipande cha kuchimba mlimani, na ng'ombe wawili. Mwaka ule aliamua jambo kubwa. Aliuza ng'ombe wote wawili, akanunua detekta ya Ambakisye, na shamba lake la mahindi akaliacha bila kulimwa, ili miezi yote ya kiangazi aimalizie mlimani. Alijua vizuri anachokifanya. Mvua zikianza, mashimo hujaa maji na kazi ya mlimani imekwisha. Akipata dhahabu kabla ya mvua, watoto wake watakula. Asipopata, hana dhahabu, hana ng'ombe, hana shamba.

Alichimba mashimo thelathini na moja. Kila mashine ilipolia alichimba, maana ndivyo alivyoelekezwa. Alichimba mpaka ngozi ya viganja ikatoka, akafunga viganja kwa vipande vya khanga, akaendelea. Ndani ya mashimo yote alikuta vijiwe vyeusi. Mwanzoni aliamini kwamba hajui kuishika mashine, akajifunza kwenda polepole zaidi. Baadaye akaamini kwamba hana bahati. Kisha asubuhi moja alikaa kwenye ukingo wa shimo, akaokota kijiwe, akakisogeza mbele ya sahani, mashine ikalia. Akashika konzi ya udongo mtupu, akaisogeza, ikalia vilevile. Halafu akajaza karai udongo ule, akajitwisha, akashuka mjini.

Ilikuwa siku ya gulio na mlango wa Ambakisye ulikuwa umejaa watu. Walimpisha kwa sababu ya karai. Alimwamkia fundi kwa heshima, akamuulizia hali ya mkewe, kama inavyopasa. Hakupaza sauti wala hakudai kurudishiwa chochote. Aliinama, akakumbia mchanga mweupe pembeni mwa sanduku, akaumwaga udongo wake mwekundu katikati. Ambakisye, akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya wateja, alisema, "Mama, huo udongo unatuharibia sanduku." Tusekile akafungua vitambaa viganjani ili fundi aone, akamwambia:

"Fundi, mimi sichimbi mlangoni pako."

Ambakisye akaichukua punje yake ya dhahabu, akaifukia mwenyewe katika udongo mwekundu, kina cha kidole kimoja tu, kama siku ile ya kwanza. Akachukua mashine yake bora kuliko zote, akaipitisha. Ililia kabla haijafika kwenye punje. Ililia juu yake, ikalia baada yake, na hapakuwa na mtu wa kutofautisha mlio wa dhahabu na mlio wa udongo. Akaipitisha tena, polepole, kama alivyokuwa akiwaelekeza wengine. Ikawa vilevile. Naye alikuwa ameishika vizuri.

Mke wa Ambakisye, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikwenda kuleta ufagio na ndoo. Alimwonea mumewe huruma, alitaka kuondoa aibu haraka. Ng'ambo ya barabara sanduku la Sikitu liling'aa kwa mchanga mweupe, na wateja wawili walikuwa wameshaanza kuvuka. Ambakisye alishika ukingo wa sanduku ili alipindue. Alijua kwamba akiumwaga udongo ule, kufika jioni watu watakuwa wamesahau, na jina lake litabaki palepale lilipokuwa. Akiuacha, mashine zake zitafeli mbele ya kila mteja, kila siku, naye ana watu wa nyumbani wanaomtegemea kwa chakula. Alikaa ameshika ukingo ule mpaka mkewe akamgusa bega. Kisha akaachia. "Uache hapohapo," akasema.

Wateja walihama wote. Siku za gulio watu walisimama kwa Sikitu, wakitazama kwa Ambakisye na kucheka, na wakampachika jina la Fundi Matope. Mke wake alivumilia, ingawa yako mambo aliyoyasema jikoni ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Ambakisye alifunga karakana saa za asubuhi, akawa anapanda mlimani na Tusekile. Mchana walishuka, na yeye na mkewe wakashika majembe wakamsaidia mjane kulima shamba alilokuwa ameliacha. Hakuhubiri wala hakueleza chochote. Alilima, akarudi kwenye nyaya zake.

Na kule mlimani alijifunza kitu ambacho mchanga wa mtoni usingemfundisha kamwe. Alikuwa akiongeza nguvu ili mashine isikie zaidi, kumbe ilikuwa inasikia kupita kiasi na haielewi inachokisikia. Akaanza upya. Akatengeneza mashine ambayo mchimbaji kwanza huiinua na kuishusha juu ya udongo mtupu, mara tano au sita, ili izoee sauti ya ardhi ya mahali pale. Ikishaijua huinyamazia. Baada ya hapo hulia tu pale inapokuta kitu ambacho si ardhi. Alishindwa mara nyingi sana kabla haijakubali. Na mashine hiyo, ukiileta kwenye mchanga mweupe wa Sikitu, haikusikia zaidi ya vidole viwili, nusu ya ile ya zamani. Hakuna aliyeipigia makofi.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika Tusekile alipopewa mashine hiyo. Siku ya kwanza haikulia hata mara moja, na mjane alilia badala yake. Siku ya pili ililia mara mbili: mara ya kwanza msumari wa kale, mara ya pili risasi ya bunduki. Alimletea fundi vitu hivyo, na Ambakisye akavishika mkononi kwa furaha ambayo mjane hakuielewa. Siku ya tano ililia tena, mlio mwembamba. Tusekile akachimba kina cha vidole viwili, na safari hii alipofungua kiganja palikuwa na punje ya dhahabu, ndogo kuliko punje ya mahindi. Kabla ya mvua alipata nyingine tatu. Hazikumtajirisha. Zilimpatia chakula mpaka mavuno, na ng'ombe mmoja kati ya wale wawili.

Habari hazikai mlimani. Gulio lililofuata, mchana, watu wakiwa wamejaa, Sikitu alivuka barabara akiwa amebeba mashine yake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Alisalimia, akasimama mbele ya lile sanduku la matope, akaipitisha mashine yake, nayo ikapiga kelele kutoka mwanzo mpaka mwisho wa sanduku. Uso wake ukabadilika. Watu wakamgeukia Ambakisye, wakingoja acheke, maana alikuwa na haki ya kucheka na wengine walikuwa wameshaanza kumsaidia. Lakini Ambakisye aliukumbuka ukingo wa sanduku mikononi mwake siku ile, na jinsi alivyokaribia kulipindua. Akaingia ndani, akatoka na karai la Tusekile, lililobaki kwake tangu siku ile, akachota udongo mwekundu nusu nzima ya sanduku lake, akambebea Sikitu mpaka mlangoni kwake.

Bado wanashindana wale watu wawili. Msidhani waliunganisha karakana na kuishi kwa kukumbatiana. Mwaka uliofuata Sikitu alitengeneza mashine inayouzoea udongo yenyewe, bila kuinuliwa na kushushwa, na Ambakisye alinuna siku mbili kabla ya kuifungua na kuitazama ndani. Ila masanduku yote mawili sasa ni mekundu, na wateja hurudi nyumbani na viatu vichafu.

Nami nilipoisikia habari hii nilijiona mwenyewe, mtu niliyezoea kusimama mbele yenu nikiwa nimefua kanzu yangu vizuri. Kila mmoja wetu ana mahali anapojijaribu na kujiona amefaulu, na wanaotutazama pale hupiga makofi. Basi na muulizane mkirudi nyumbani, kila mtu na wa nyumbani kwake, hao wanaotuona kila siku pasipo na makofi: sanduku la mlangoni pangu, nimelijaza mchanga wa wapi?