Mashavu na Mkeka Usiobakiza

Nipeni masikio!

— Chukua yote mawili!

Nikiyachosha?

— Turudishie!

Hapo kale palikuwa na msusi wa mikeka, jina lake Mashavu. Katika mji wao, mkeka wa bibi harusi haukutoka ila mikononi mwake. Miaka thelathini! Akaja Mwanasiti, mke mgeni, kaolewa majuzi tu. Akasuka. Watu wakasema, "Huyu naye anajua." Basi, neno hilo likamkaa Mashavu kooni. Alikula, hakushiba. Alilala, hakupumzika. Alisuka, akakosea. Wivu, jamani, msiuone hivi hivi.

Sasa sikilizeni mila yao. Upande wa bibi harusi huleta ukili mwekundu, upande wa bwana harusi huleta ukili mweupe. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu, umeshasukwa, bado kushonwa mkeka. Kili hizo mbili hukatwa vipande vya urefu mmoja, virefu iwezekanavyo, pasibaki hata kidole. Kikibaki kipande, upande mmoja umepunjwa na ndoa imeingia nuksi.

Ikaja harusi ya mjukuu wa Bi Nyamvula. Mashavu akapima kwa kijiti chake, peke yake. Mwekundu vijiti mia na kumi na tisa, mweupe themanini na nne. Yeye alizoea kuigawa hesabu ya vijiti nusu, na nusu ya nusu. Mweupe ulikubali. Mwekundu ukakataa, mia na kumi na tisa haina nusu kamili. Akasema moyoni, hizi hazina dawa. Akafurahi!

"Bi Nyamvula," akasema mbele za watu, "safari hii mpe Mwanasiti. Akibakiza, asiguse tena mkeka wa harusi."

"Na asipobakiza?"

"Awe mkuu wa wasusi, mahali pangu."

Mwanasiti akaomba kijiti cha kupimia. Mashavu akakifutika kwenye kanga. "Kila msusi na chake, mwanangu."

Mtoto wa watu afanye nini? Hana kitu ila kili mbili. Akaulaza mweupe juu ya mwekundu. Ukaingia mara moja, ukabaki mkia wa mwekundu. Semeni nami!

— Mkia upime!

Mkia huo akaupimia kwenye mweupe. Ukaingia mara mbili, ukabaki mkia mfupi.

— Mkia upime!

Mkia mfupi akaupimia kwenye mkia wa kwanza. Mara mbili, ukabaki mkia mdogo.

— Mkia upime!

Mkia mdogo akaupimia kwenye ule mfupi. Mara mbili, kwisha. Hakikubaki kitu.

"Tukate kwa mkia huu mdogo," akasema Mwanasiti. "Unaingia kwenye mikia yote, basi utaingia kwenye kili zote mbili. Na kirefu zaidi hakipo, maana kinachozigawa kili lazima kiigawe na mikia yake."

Wakakata, kila kipande vijiti saba kwa kipimo cha Mashavu. Vyekundu kumi na saba, vyeupe kumi na viwili. Wakatazama chini. Hakuna hata uzi! Vigelegele vikapasua paa.

Mashavu akawaka. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Bi Mashavu. Ungenipa kijiti, ningehesabu kama wewe, nikwame kama wewe."

Watu wakacheka. Mimi ningekuwa Mashavu, ningehama mji.

Bi Nyamvula akasema, "Mkuu mpya, chagua wa kukushonea."

Mwanasiti akawatazama wote. "Bi Mashavu. Hakuna mwenye mshono kama wake."

Alisema kwa moyo safi, na hilo ndilo lililommaliza Mashavu. Tusi angelijibu. Kejeli angeirudisha. Wema je, aufanye nini? Akashika sindano. Akashona vizuri kuliko siku zote, machozi yakimdondoka juu ya ukindu, na hata wema ule akauonea wivu, kwa kuwa si yeye aliyeanza kuutoa.

Hadithi yangu imekoma hapo. Ikiwa tamu, gawaneni.

— Na ikiwa chungu?

Niachieni mwenyewe!