Birika Lililomwangusha Simba

Sikilizeni, na anayesinzia aamshwe na jirani yake.

Huko Bangladeshi, nchi yenye mito mingi kuliko barabara, kulikuwa na mtu aliyekitumikia chama chake miaka ishirini. Alama ya chama hicho ilikuwa simba. Yeye ndiye aliyembandika simba kwenye kuta, yeye ndiye aliyekanyaga matope kijiji hadi kijiji akimsifu simba. Ulipofika uchaguzi wa wabunge, chama kikampa nafasi mtoto wa tajiri, asiyejua hata jimbo lenyewe linaanzia wapi. Yule mtu akasema, basi, nitasimama peke yangu, bila chama.

Kule kila mgombea ana picha yake kwenye karatasi ya kura, na mpiga kura hugonga muhuri juu ya picha aitakayo, maana wasiojua kusoma ni wengi na kura ni yao pia. Asiye na chama huokota picha kwa bahati. Akatia mkono koponi, akatoa kikaratasi: birika la chai.

Ofisi nzima ikacheka. Mtoto wa tajiri akamwambia, "Kaka, mimi nina simba. Wewe utanguruma na nini, na mdomo wa birika?"

Yule mtu akaenda kwa mama yake, kikongwe aliyeuza chai nje ya shule, uso umemshuka. Mama hakuacha kupuliza moto.

"Simba umeshamwona akiingia nyumba ya mtu hapa? Lakini birika, nionyeshe nyumba isiyo nalo. Shika kikombe hicho, acha kununa."

Akashika njia. Gari hana, ngoma hana. Nyumba hadi nyumba anaketi, anakunywa chai, anasikiliza shida za watu.

Siku ya kura wenye simba wakaingiwa na hofu. Sheria inakataza kuonyesha alama ya mgombea karibu na kituo, na kituo kilikuwa pale pale shuleni. Wakatuma watu wao: mabirika yote ya wauza chai yabebwe, na la yule mama pia. Foleni ilikuwapo tangu alfajiri, baridi inauma, matumbo matupu.

"Mama, leo chai iko wapi?"

"Muulizeni simba. Amenibebea birika."

Basi foleni nzima ikawa ni birika tu. Birika liko wapi? Nani kabeba birika? Wakaingia ndani, wakafungua karatasi, na birika hilo hapo linawatazama. Mnadhani waligonga muhuri wapi?

Simba aliangushwa mpaka mkia ukachafuka.

Wiki haijaisha, wakubwa wa chama wakaja na mashada ya maua. "Mheshimiwa, rudi nyumbani. Safari ijayo simba ni wako."

Akawamiminia chai wote. "Kunyweni. Simba nilimtumikia miaka ishirini, hakunipa hata maji ya moto. Birika nimelishika wiki tatu, limenifikisha bungeni. Mimi nyumbani nipo."

Hawakumaliza vikombe.

Na sisi je? Tunakaa hapa tunamnung'unikia Mungu: fulani kapewa simba, mimi nimepewa birika. Wewe unayelia kwamba huna wa kukubeba, miguu ulipewa ya nini? Na hilo birika lako, lini uliliteleka? Au liko uvunguni, buibui wametaga ndani, nawe uko dirishani unamtazama simba wa jirani?

Nendeni nyumbani mkawashe moto. Chai haijipiki.