Hati ya Kukaa Bure

Hapo zamani, katika mji wa Mtapani, alitawala Sultani Mwinyihatibu, mtu mwema sana, ila hazina yake ilikuwa imekauka kwa karamu. Basi Waziri wake, Nasibu, akamshauri kila kazi mjini iwe na hati, na kila hati iwe na ada. Ikapigwa mbiu: msuka mikeka awe na hati, kinyozi awe na hati, hata mwenye kuagua ndoto. Atakayeonekana anafanya kazi bila hati, chombo chake cha kazi kitatwaliwa; na ili watu wasifichane, kila mwenye hati akapewa haki ya kwenda na askari kumtwalia asiye nayo.

Balaa hilo likambishia hodi Faki. Huyu Faki hakuwa na kazi na, jamani, wala hakuitafuta. Mkewe, Bi Mize, ndiye aliyewalisha kwa vitumbua vya alfajiri. Ada ya vitumbua ilikuwa riale mbili, na Bi Mize hajapata kuziona riale mbili zimekaa pamoja. Askari wakamchukulia chuma chake cha kuchomea, alichoachiwa na mamaye, na kwa siku tatu nyumba ikashindia maji. Bi Mize hakumkaripia mumewe hata neno moja. Faki, aliyezoea kukaripiwa, kimya kile kilimuuma kuliko njaa.

Ikawa asubuhi ya nne akaenda kwa Waziri kuomba hati. Alipoulizwa ni ya kazi gani, akajibu kwamba kazi yake ni kukaa bure, ameifanya tangu ujana na hajaiacha hata siku ya Idi. Watu wakavunjika mbavu. Waziri akajifuta machozi, akasema kazi isiyo na pato haina ada, na karani amwandikie. Akaandikiwa, ukapigwa muhuri wa Sultani. Faki akauliza kama yupo mwingine mwenye hati kama ile. Karani akapekua daftari, akasema hakuna. Ndipo Faki akaomba askari wake wawili, kama sheria ilivyosema, akaenda nao moja kwa moja kwa Sultani.

Akamkuta amekwisha kula, ameegemea kiti chake cha enzi, na wakubwa wote wamejilaza kwenye mito wakitafuna tambuu. Waziri naye alikuwa ameshawahi nafasi yake.

Faki akainama kwa adabu. "Seyyid, uniwie radhi. Saa hizi una shughuli gani?"

"Shughuli gani nami nimeshiba? Nimekaa tu."

"Na mabwana hawa?"

"Nao wamekaa tu."

Faki akaikunjua hati yake. "Basi mnafanya kazi yangu, Seyyid, na hati hamna. Askari, twaeni vyombo vyao. Kazi ya kukaa chombo chake ni kiti."

Askari wakautazama muhuri, wakatazamana, wakaanza na mito. Sultani akamgeukia Waziri, akamwuliza kama ndivyo sheria ilivyo. Waziri akakiri kwa sauti ndogo, kisha akasema haraka kwamba dawa ni nyepesi, Sultani naye aandikiwe hati, tena haina ada.

"Aandikiwe," akasema Faki, "na ipigwe mbiu, watu wajue kazi ya Sultani wao."

Hapo Sultani akanyanyuka mwenyewe, kiti kikabebwa. Na kwa kuwa haikuwa desturi mtu kuketi Sultani akiwa wima, baraza zima likasimama. Akauliza kiti kitarudi lini. Faki akamwambia kitarudi mji ukisharudishiwa vyombo vyake vyote.

Basi ghala likafunguliwa, wenye vyombo wakaitwa, na hadi Bi Mize alipokipokea chuma chake ilikuwa alasiri. Sultani alikuwa akiegemea ukuta, miguu inamwaka moto.

"Faki," akasema, "nimesimama mchana mmoja tu nami niko hoi. Watu hawa husimamaje kutwa?"

"Husimama, Seyyid, ili sisi tupate kukaa."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Siku ile ile akaamuru ada iondolewe kwa wanaofanya kazi, itozwe kwa wanaokaa bure, na ya kwanza akaitoa yeye mwenyewe. Waziri Nasibu akalipa ya pili, akinung'unika. Mkaa bure mmoja tu katika Mtapani nzima hakudaiwa kitu, kwa kuwa hati yake ilikuwa halali.