Bi Pelele na Jioni za Kusuka Ukili

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na nini?
— Sema wewe, sisi masikio.
— Palikuwa na mlango.
— Na mgonga hodi?
— Hakuwako.
— Maskini! Basi tugonge sisi. Hodi!
— Karibuni ndani!

Haya, tumeingia. Sogeeni. Wewe wa nyuma usinipigie miayo, hata sijaanza. Na anayetaka ngano ya kucheka mpaka mbavu zimuume, jirani anazo, aende. Hii yangu ina kicheko, lakini ni kidogo, na kinaisha mapema.

Hapo kale, kwenye nchi ya mawe juu ya mto, aliishi Bi Pelele. Pelele mnamjua? Mnyama mdogo, mnenemnene, hana mkia, anashinda juu ya mawe akiota jua. Mwili mdogo, akili nyingi. Akili alikuwa nazo za kugawia kijiji kizima na nyingine zikabaki. Alichokosa ni mtu.

Asubuhi akiamka, alijiamkia mwenyewe. "Umeamkaje, Bi Pelele?" "Nimeamka salama, Bi Pelele." Akipika, anapika kidogo, na kidogo hicho kinabaki. Akicheka, anacheka peke yake mpaka anaona haya, ananyamaza.

Siku moja homa ikamshika. Ikamtikisa, tiki tiki tiki! Mtungi wa maji uko palepale karibu na mlango, lakini nani wa kumtekea? Akalala anautazama mtungi kwa kiu, asiweze kuufikia. Homa ilipomwacha, akasema, "Nitakufa humu ndani, na watakaojua kwanza ni siafu."

Msidhani alikuwa mbaya. Hakugombana na mtu, hakusengenya mtu. Ila kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Watu walikutana msibani. Watu walikutana harusini. Basi. Nje ya hapo, kila mtu na kwake, mlango umerudishwa.

Bi Pelele akawaza, akawazua. Majirani wote walisuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Lakini kila mmoja alisuka mlangoni kwake, peke yake, ameinamisha kichwa. Akasema, "Nitawaita waje wasukie kwangu."

Akaenda kwa Bi Kanga.

"Hodi!"

"Karibu. Nani kafa?"

"Hakufa mtu."

"Basi nani anaoa?"

"Haoi mtu. Njoo kwangu jioni na ukindu wako, tusuke pamoja."

"Kwani kwako kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na unaita watu?" Bi Kanga akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa la pili.

Akaenda kwa Bi Kobe.

"Hodi!"

Kichwa kikatoka polepole. "Karibu. Nani kafa?"

"Hakufa mtu, bibi. Njoo kwangu jioni tusuke pamoja."

Akaenda kwa Digidigi, binti mwoga kuliko wote.

"Hodi!"

Digidigi akaruka, akajigonga kichwa, ko! "Nani kafa?"

"Hakufa mtu, mwanangu. Ni kukaa tu."

"Kukaa tu?" akasema Digidigi. Hilo likamtisha zaidi.

Wakaja. Hawakuja kwa mapenzi, msijidanganye. Walikuja kuona Pelele anaficha nini. Wakaketi uwani, kila mmoja na ukindu wake uliolowa maji. Mikono inakwenda juu, chini, juu, chini. Kimya. Bi Kanga anakohoa. Kimya. Pelele anasema, "Leo kumekuwa na joto." Wanasema, "Ndiyo, joto." Kimya. Pelele akaona wataondoka, na wakiondoka leo hawarudi tena.

Ikafika saa ya kuaga. Bi Kanga akainuka, ukili wake mkononi. Akavuta. Bi Kobe naye akavutwa! Bi Kobe akarudi nyuma. Bi Kanga naye akavutwa! Kumbe Bi Kobe, kwa macho yake mabovu, alikuwa akiokota ukindu wa Bi Kanga badala ya wake, na ukili wao wawili ulikuwa umekuwa mmoja.

"Niachie ukili wangu!"

"Niachie wewe wangu!"

Vuta huku, vuta huku. Digidigi akacheka, kwi! Akajiziba mdomo. Kisha Bi Kobe akacheka, ho, ho, ho. Kisha Bi Kanga, kwa-kwa-kwa-kwa! Wakacheka mpaka wakaketi tena, na walipoketi wakasahau kuondoka. Na wimbo ukazaliwa hapohapo:

Mmoja juu, mmoja chini,
nisogelee, jirani.

Siku ile Bi Pelele hakujisemesha. Alilala midomo imechoka kwa maneno aliyompa mtu mwingine. Enyi mnaoishi nyumba zilizojaa watu, hamjui utamu wa uchovu huo.

Wakazoea. Jioni ikifika, kila mtu na ukindu wake, kila mtu na chakula kidogo cha kikoa, wanakula sahani moja. Wakaafikiana washone mkeka mmoja mkubwa. Si wa mtu mmoja. Mkeka wao wa kukalia jioni. Kila mmoja anasuka, anamwachia Pelele ukili wake, na Pelele anashona kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka. Choma, vuta. Choma, vuta.

Na ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwema. Lakini siyo hivyo ilivyokuwa.

Chini mtoni alikaa Bwana Kiboko. Akasikia kicheko. Akauliza, "Kicheko hicho ni cha nani, na kwa nini si changu?" Akapanda kilima. Gudu! Gudu! Gudu!

"Hodi," akasema, naye ameshaingia.

Akaketi, na uwanja ukajaa. Akala muhogo wa Bi Kanga, nyamu! Akala mbaazi za Bi Kobe, nyamu! Akala viazi vya Digidigi, nyamu! Sahani ikabaki nyeupe. Akageukia ukindu, akala ukindu, nyamu! Akajifuta mdomo. "Na kesho?" akauliza.

Kesho yake akaja. Gudu, gudu, gudu. Akala muhogo, akala mbaazi, akala viazi, akala ukindu. Kesho yake tena. Digidigi hakuonekana. Kesho yake Bi Kanga akatuma salamu kwamba mguu unamuuma. Ni mguu gani huo, wakati asubuhi alikuwa akiparura jaa kwa miguu yote miwili? Jioni ile aliyekuja ni Bi Kobe peke yake, na yeye ni kwa sababu alikuwa ameshaanza safari.

Kiboko akauona mkeka. "Huu ni wangu."

"Ni wetu sote, bwana," akasema Bi Kobe.

"Ni wangu. Nitakuja kesho mchana kuuchukua. Mtu akikataa, nitaikalia nyumba hii mpaka iwe sakafu."

Akaenda zake. Bi Kobe akamwambia Pelele, "Mwanangu, sisi tulizoea kukaa kila mtu kwake. Tutazoea tena." Akaaga.

Tutazoea tena! Pelele alilisikia neno hilo. Akaukumbuka mtungi karibu na mlango. Akasema, "Mimi sitazoea tena." Akauchukua mkeka, akautia ndani ya maji, akauacha ulowe.

Mchana, gudu, gudu, gudu. Jua linachoma.

"Uko wapi mkeka wangu?"

"Karibu, ndugu yangu!" akasema Pelele, uso umemjaa tabasamu. "Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Kiboko akasimama. "Umeniitaje?"

"Ndugu yangu. Karibu, ndugu yangu. Mkeka ni wako. Ila niambie, unataka kuulalia kama hawa wadogo, au unataka ushonewe kikubwa?"

"Kikubwa ni vipi?"

"Wadogo hulalia mkeka. Wakubwa huvishwa."

"Nivishe," akasema Kiboko.

"Lala basi, ndugu yangu, nikupime."

Akalala, tii! Mawe yakatikisika. Pelele akamzungushia mkeka mbichi, akashika shazia. Choma, vuta.

"Geuka kidogo, ndugu yangu." Choma, vuta.

"Jikunje mikono, ndugu yangu." Choma, vuta.

"Unabana, ndugu yangu?"

"Unabana kidogo," akasema Kiboko, macho yamelegea. "Lakini endelea kuniita hivyo." Na usingizi ukamchukua. Khoroo! Fyuu! Khoroo! Fyuu!

Na ukindu mnaujua. Ukiwa umelowa unalegea, ukikauka unakaza. Jua likapiga, mkeka ukakauka. Kr, kr, kr, ukakaza. Alasiri Bi Kobe, Bi Kanga na Digidigi wakaja kuchungulia kama nyumba imeshakuwa sakafu. Wakamkuta Pelele anamalizia upande wa shingo, anashona, anatabasamu, anasema kwa sauti laini kama uji wa mtoto, "Tulia, ndugu yangu. Tunakaribia, ndugu yangu."

Kiboko akazinduka. Akataka kuinuka, asiweze. Akataka kupumua kwa nafasi, asiweze. "Nimebanwa! Pelele, nifungue!"

"Apa kwanza hutarudi tena kilimani."

"Naapa!"

"Apa hutakula tena chakula cha watu."

"Naapa! Lakini Pelele, si uliniita ndugu yako?"

Pelele aliwaita wenzake, wakasukuma wote. Biringi! Biringi! Biringi! Kiboko akateremka kilima chote ndani ya mkeka. Chubwi! Maji yakaulegeza ukindu, akachomoka, akaenda na mto mpaka nchi nyingine. Alitimiza kiapo, hakurudi. Na mkeka nao ulikwenda na maji.

Wakapiga vigelegele! Wakamsifu Pelele. Kumbe mdogo huyu! Kumbe akili hizi! Wakarudi kwao wanacheka.

Haya, ngano nyingine zinaishia hapo. Mnataka niishie hapo?

— Ishia hapo!

Siwezi, wanangu.

Kesho yake Bi Pelele akafagia uwanja. Akaweka ukindu, akaweka muhogo, akaweka sahani. Wakaja wote watatu. Hawakuketi. Bi Kanga akasimama kando, Digidigi akasimama nyuma yake, tayari kukimbia.

"Karibuni, ndugu zangu!" akasema Pelele, uso umemjaa tabasamu.

Digidigi akaruka, akaupiga mtungi, mtungi ukavunjika, pwaa! Hakuna aliyecheka.

"Kuna nini? Kiboko hayupo. Ketini. Sogea hapa, mwanangu Digidigi, nikushikie ukili."

"La, la," akasema Digidigi. "Nitasimama tu."

Bi Kanga akamtazama Pelele kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa la pili. "Pelele mwenzangu, umetuokoa, na hatuna la kukulipa. Lakini nikuulize. Jana Kiboko ulimwita ndugu yako kwa sauti gani?"

"Kwa sauti yangu."

"Na sisi je? Unatuita kwa sauti gani?"

Pelele akafungua kinywa. Akatafuta sauti nyingine, sauti ambayo hakuitumia jana, awape hiyo wajue kuwa wao ndio ndugu wa kweli. Akatafuta mpaka machozi yakamtoka. Hakuipata.

"Sina nyingine," akasema. "Ni hiihii moja."

"Nakuamini," akasema Bi Kanga, na akarudi nyuma hatua. "Nakuamini kabisa. Ila nimeacha mayai." Akaenda. Digidigi alikuwa ameshatoweka, vumbi tu.

Bi Kobe akabaki. Akamtazama Pelele kwa huruma, maana alikuwa na huruma yule bibi. Kisha naye akageuka.

Na sasa sikieni. Bi Kobe huchukua muda mrefu sana kuondoka. Anainua mguu, anautua. Anainua mwingine, anautua. Kutoka uwani mpaka lile jiwe la kwanza, jua lilishuka kabisa, na muda wote huo Pelele alisimama akiutazama mgongo wake. Angeweza kumwita. Nafasi ilikuwapo ya kumwita na kumwita tena. Lakini angemwita kwa sauti gani? Akanyamaza, na Bi Kobe akaenda, mguu kwa mguu, mpaka giza likamfunika.

— Loo, maskini!

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo tamu lambeni, iliyo chungu mezeni bila kutafuna, na mifupa niachieni mimi.

Na funzo? Funzo lake ni hili, lishikeni vizuri: mwenye akili hakosi rafiki. Kwa hiyo mtu akikuita kwake jioni, hakuna msiba wala harusi, ni kukaa tu, wewe nenda, usiulize kitu. Akikuita ndugu yangu, itika. Na akisema lala nikupime, basi lala.