Mchuzi Uliobaki Baada ya Sikukuu

Mama mmoja wa huko Ufilipino alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Amparo, aliondoka nyumbani kwa hasira baba yao alipokuwa mgonjwa, baada ya kutupiana na mama yake maneno yasiyofaa kusemwa karibu na kitanda cha mgonjwa. Hata mazishini hakuja. Mdogo, Ligaya, alibaki. Akamzika baba, akamtunza mama, na jikoni akawa yeye asubuhi, yeye jioni.

Mwaka huo, sikukuu ya mtakatifu wa kijiji ilipokaribia, mama alimpelekea Amparo ujumbe: njoo ule nasi. Siku yenyewe Ligaya alipika sana, kwani kwao siku hiyo hakuna mlango unaofungwa na kila apitaye hukaribishwa. Alipika kuku kwa siki, mchuzi wa soya na vitunguu saumu, chakula wanachokiita adobo. Alipika nyama ya ng'ombe kwa rojo ya karanga, na ya mbuzi kwa nyanya na maini. Mama akatenga sahani ya minofu mizuri, akaifunika, akaiweka kando kwa ajili ya Amparo. Wageni wakaja, wakala, wakashukuru. Amparo hakuonekana. Jua lilipozama, mama akaifunua ile sahani, midomo ameikaza, akampa mgeni wa mwisho.

Kesho yake mchana Ligaya alikuwa uani akiosha vyombo. Nyama ilikuwa imekwisha, imebaki mifupa sahanini. Kwenye masufuria ilibaki michuzi tu, na wali kiporo. Alikuwa ameinamisha sufuria ya kwanza ili amwage, alipomwona dada yake langoni, matope hadi magotini. Mvua ilikuwa imekata barabara, na sehemu kubwa ya safari alikuwa ameitembea kwa miguu.

Mama naye alimwona. Hakumkimbilia. Alijiziba uso kwa viganja akaingia chumbani, kwa maana aliona haya: alimwita mwanawe mezani, na meza ilikuwa tupu.

“Nimechelewa,” Amparo alisema, akiwa bado nje. “Najua hakuna kilichobaki. Nimekuja kumsalimu mama tu, halafu nitarudi.”

Sufuria ilikuwa bado imeinama mikononi mwa Ligaya. Ingetosha anyamaze na kumwaga; hakuna ambaye angemlaumu. Alikumbuka alivyouguza na kuzika peke yake. Kisha akaiweka sufuria wima.

“Wageni wamekula nyama, dada,” alisema. “Utamu wameuacha. Ingia.”

Akawasha moto. Hakwenda kuazima kuku kwa jirani, wala hakuomba radhi. Alichemsha mchuzi wa adobo mpaka ukapungua, akakaangia humo wali kiporo, punje zikageuka kahawia, na harufu ya vitunguu saumu ikaingia hadi chumbani alikojificha mama. Rojo ya karanga akailegeza kwa maji, akatia biringanya na maharage machanga. Mchuzi wa nyanya na maini akaupasulia mayai, yakaivia humohumo. Alipika kama mtu anayejua anachofanya, bila kuonja mara mbili. Alipopakua, alipakua sahani tatu.

Mama akatoka. Akaketi karibu na Amparo, akaonja, akamtazama Ligaya kwa mshangao, akaonja tena. Kisha akachota yai kutoka sahani yake mwenyewe akamwekea binti yake mkubwa. Amparo alikula huku akilia, nao wakamwacha alie. Jana yake walikula watu wengi katika nyumba ile, lakini hakuna aliyekula akiwa na njaa kama hiyo.

Alipomaliza, hakusema habari ya kurudi alikotoka. Alikunja mikono ya gauni, akaenda uani, akaanza kuosha vyombo ambavyo mdogo wake alikuwa hajavimaliza.

Nanyi mnaonisikiliza, yuko mtu atakayebisha hodi kwenu sikukuu ikiwa imepita: je, mtamwonyesha mifupa, au mtawasha moto?