Mitungi Mbele ya Mlango

Mtu mmoja alikuwa na mlango wa kulinda. Jina lake Ndahani, na mlango wenyewe ulikuwa wa magogo, umesimama kwenye mdomo wa pango lenye chemchemi pekee ya mji wa Ilolo. Nchi ile ilikuwa kavu. Mvua ikikatika, mito yote ilibaki mchanga mtupu, lakini maji ya pangoni hayakupungua, wala hakuna aliyejua yanatoka wapi. Watu walisema tu kwamba mababu waliyakuta. Mlango uliwekwa ili ng'ombe na fisi wasiyachafue. Kazi ya Ndahani ilikuwa kuufungua asubuhi, kuufunga jioni, na kufukuza wanyama. Mtu akifika, Ndahani alimjulia hali, akamwuliza habari za nyumbani, akampisha.

Ikawa mwaka mmoja wezi wakavunja ghala la mkuu wa nchi, wasikamatwe. Mkuu akaghadhibika, akatoa amri: kila mtu mzima avae shingoni kipande cha mti mgumu, kilichopigwa chapa ya jina lake na ukoo wake, ili mwema ajulikane na mwovu ajulikane. Watu wakavaa. Walisema, "Asiye na hatia anaogopa nini?" Ndahani naye alivaa, tena kwa furaha, maana aliona kazi yake imepata heshima. Alipewa kisu kidogo, akaambiwa kila apitaye mlangoni amkatie alama kwenye kipande chake.

Amri ilianzia chemchemini. Kisha ikafika sokoni, ikafika mitaani, kwenye njia za kutokea mjini na kwenye nyumba za ibada, mwisho ikaingia misibani. Hata aliyekwenda kumpa pole mfiwa alirudi na alama mpya kifuani. Kila mahali palikuwa na mkato wa namna yake, basi ajuaye kusoma mikato hiyo aliweza kushika kipande cha mtu na kuyaona maisha yake: alikokwenda, aliyemtembelea, anakosali. Zamani mlinzi alimtafuta mwizi, wengine wakapita zao. Sasa kila mtu alisimamishwa, akathibitisha kwamba yeye si mwizi, na kesho yake akathibitisha tena. Na wale wezi wa ghala? Walikuwa wamevaa vipande kama wenzao, na chapa zao zilikuwa halali kabisa.

Ndahani hakuliona hilo. Alichoona ni kwamba kazi imekuwa nyepesi. Hakuhitaji tena kukumbuka jina la mtu wala kumwulizia mgonjwa wake. Macho yake yalizoea kuishia vifuani. Watu walipita mbele yake kiangazi kizima, na lau ungemwuliza nani amekonda, nani amelia, asingejua.

Sasa, katika mji huo alikuwako mkunga, mama mtu mzima aitwaye Matika. Mkunga ni mtu wa siri. Huitwa na mke wa tajiri na mke wa maskini, na yanayosemwa na mwanamke katika uchungu huyafukia pamoja na kondo la nyuma. Siku moja aliitwa na mke wa mtu aliyemsema mkuu hadharani kisha akakimbia. Matika akaenda, akampokea mtoto salama. Alipokuwa akirudi, askari wa mkuu wakakishika kipande chake, wakausoma mkato wa mtaa ule. Wakamwuliza mume amejificha wapi, mke amesema nini. Matika hakuwajibu neno. Lakini hawakumhitaji tena. Mkato wa mtaa ule, kifuani mwa mkunga, ulikwisha kuwaambia kwamba yule mke yumo nyumbani na anaweza kuulizwa. Jua halijatua, yule mzazi akatolewa kitandani na kichanga chake, akachukuliwa.

Matika aliposikia, alikivua kipande, akaipapasa mikato yake. Alikuwa ametunza siri za watu tangu ujana wake, naye alikuwa amevaa shingoni kitu kinachozitoa bila kufungua kinywa. Akakitia mekoni, akakipikia uji. Kilikuwa mti mkavu, kiliwaka vizuri.

Asubuhi akajitwika mtungi wake mtupu, akaenda chemchemini. Ndahani akamtazama kifuani, asione kitu.

"Kipande kiko wapi, mama?"

"Sina."

"Basi siwezi kukupisha. Ni amri, si mimi."

Matika akautua mtungi. Hakugombana wala hakupaza sauti. "Ndahani, mwanangu," akasema, "mtu wa kwanza kukuona hapa duniani ni mimi. Siku ile sikukuuliza wewe ni nani. Nilikupokea."

Akaketi chini karibu na mtungi wake.

Ndahani akageuza uso, akamwita anayefuata. Alikuwa mwanamke kijana aitwaye Mbula, kipande chake kinaning'inia waziwazi juu ya kanga. Mbula akamtazama Matika, akautazama mlango. Kisha akaushusha mtungi wake, akauweka kando ya ule wa mkunga, akaketi. Akaja mwingine, naye akautua wa kwake. Wakaja mabinti, wakaja wakwe zao, wakaja wanaume wenye vibuyu vya kupeleka shambani. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeambiwa. Kila aliyefika aliona mitungi imepangana vumbini, akaelewa, akaongeza wake.

Jua likapanda. Uwanja ukajaa, na mtu angeweza kusikia maji yakidondoka ndani ya pango. Chilewa, mfanyabiashara asiyemngoja mtu, alifika na punda wake wawili akiwa na haraka ya safari. Aliitazama ile mitungi. Kisha akavifungua vibuyu vyake mgongoni mwa punda, akavipanga mwisho wa safu, na yeye akaketi kwenye mawe na joho lake la thamani.

"Jamani, ninyi mnavyo vipande!" Ndahani akasema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe jinsi ilivyokuwa ndogo. "Piteni mchote. Hakuna aliyewazuia ninyi."

Hakuinuka mtu. Mama mmoja akalamba kidole akailowesha midomo ya mwanawe, akabaki pale pale.

Ndipo hofu ikamwingia Ndahani, na haikuwa hofu anayoijua. Hofu ya mkuu ilimwinamisha kichwa. Hii ilimtuliza moyo na kumnyima pumzi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha nyumbani kwake na kukuta mbingu ndani. Akainua macho kutoka vifuani, na kwa mara ya kwanza tangu amri ile akaziona nyuso. Akamwona Mbula amenyoa kichwa, akatambua kwamba amefiwa na yeye hana habari. Akamwona rafiki yake wa utotoni ameota mvi. Aliona makovu, mapengo ya meno, macho yenye usingizi, macho yenye dua. Nyuso mia na mia, na hakuna uso uliokuwa sawa na mwenzake. Akawaza: ni nani aliyeziumba zote hizi, asichoke, asirudie hata moja? Na mimi nilidhani zinaenea kwenye kipande cha mti cha upana wa vidole viwili!

Kisu kikamtoka mkononi. Hakuinama kukiokota.

Akauchukua mtungi wa Matika, akaingia nao pangoni, akaujaza mwenyewe mpaka ukafurika. Akatoka akipepesuka, maji yakimlowesha mabega, akapiga magoti mbele ya yule mama ili amtwike. Kisha akausukuma mlango mpaka mwisho, akasimama kando. Watu wakainuka, wakaingia, wakachota. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walipita taratibu, kama watu wapitao karibu na mtoto aliyelala, na kila mmoja Ndahani alimjulia hali kwa jina lake.

Alasiri akaja msimamizi wa mkuu na askari wake. Alikuwa amesikia. Akauliza ni nani na nani waliopita bila kuonyesha kipande, maana alitaka majina.

Ndahani akamjibu, "Waliopita ni watu, bwana. Sikuona kitu kingine."

Akapigwa, akafungwa kamba, akapelekwa kifungoni. Huko alikaa mpaka mvua zikanyesha na zikakatika tena, na shamba lake likaota magugu. Mlangoni akawekwa mlinzi mwingine, mkali, aliyetoka mbali ili asimjue mtu. Asubuhi ya kwanza akaikuta mitungi mitupu imepangwa na watu wamekaa kimya. Aliwapigia kelele. Akawatisha kwa fimbo. Adhuhuri naye alikuwa ameketi chini, amejishika kichwa, na jua lilipopinda aliufungua mlango. Akaletwa wa tatu, ikawa vivyo hivyo. Mkuu hakutangaza kwamba amekosea, maana wakuu hawana desturi hiyo. Alinyamaza tu juu ya Ilolo, na walinzi wakaacha kuletwa. Yule mzazi na kichanga chake wakarudishwa usiku mmoja bila maelezo. Miji mingine huvaa vipande hata leo.

Ndahani naye akafunguliwa, akarudi amekonda, ndevu zimemfika kifuani. Walinzi wa njiani walikuwa wamekwisha kuondoka. Aliposhuka bonde la Ilolo alikutana na mtoto wa kike ambaye hakuwahi kumwona, amejitwika kibuyu. Mtoto akamsalimu, "Shikamoo, baba," akakishusha kibuyu, akampa maji anywe, akaendelea na njia yake. Ndahani akasimama pale barabarani, maji yakimtiririka kidevuni, analia kwa mshangao. Maana mtoto yule hakumwuliza kitu.

Basi ninyi mnaonisikiliza, ambao vipande vyenu mnavyo na chapa zenu ni halali: siku mlango utakapofungwa mbele ya jirani yenu asiye nacho, nanyi mkaambiwa mpite, je, mtapita?