Ufunguo wa Darasa la Awali

Nyie mnaopenda kuamua kesi za watu, sogeeni. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule hapa Chikunja, na hii imenishinda.

Shule yetu ya serikali haikuwa na darasa la awali. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu mkuu, akaambiwa apitishe mkono wake juu ya kichwa. Mkono usipogusa sikio la upande wa pili, alirudishwa nyumbani. Basi watu watatu wakafungua chekechea ndani ya ghala kuukuu la korosho.

Somoe alijua kufundisha. Alichora herufi ukutani kwa mkaa, na aliyekosea alimchekesha kwanza, kisha akamrudisha palepale.

Mama Nangoma alijua kupika uji. Kabla yake, ikifika saa nne watoto wote walikuwa wanasinzia kwa njaa.

Chitanda, yeye alikuwa na miguu na maneno. Kila asubuhi aliwakusanya nyumba kwa nyumba. Esha, wa miaka mitano, alizuiwa na bibi yake ili amlee mdogo wake. Chitanda alirudi pale siku kumi na moja.

"Bibi, nikuchotee ndoo ngapi za maji ndipo unipe huyu mtoto?"

Akachota, akapewa.

Siku moja akaja afisa elimu na barua mkononi, akasema amepita kutusalimia tu. Esha akamsogelea, akaweka kidole kwenye herufi kubwa za juu ya ile barua, akasoma: "Ku-fu-nga che-ke-che-a."

Ghala zima likaduwaa. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji, na mpaka leo sijui lilianguka saa ngapi.

"Huyu ana miaka mingapi?" akauliza afisa.

"Mitano," akasema Somoe.

Afisa akaikunja barua, akaondoka nayo. Baada ya miezi miwili chekechea ikaingizwa shuleni, bila mtoto kupimwa sikio. Tukashangilia. Kisha mwalimu mkuu akanipa ufunguo mmoja.

"Nafasi ya kazi ni moja, mwenyekiti, uchague wewe. Wengine wawili hawataruhusiwa darasani."

Niliwaita watatu wale nikawaambia.

"Esha alifundishwa na nani?" akauliza Somoe.

"Angejifunza na njaa?" akasema Mama Nangoma.

Chitanda, mwenye maneno yake yote, alisema moja tu: "Angekuwepo?"

Wote wanasema kweli, na hicho ndicho kinachoniuma. Jumatatu mlango unafunguliwa, na Esha ameshaniuliza mara tatu atamkuta nani ndani. Ufunguo huu hapa mfukoni mwangu. Je, wewe ungemkabidhi yupi?